Kiti Kipya

Feni ya seva ya nne ilianza kukohoa saa nane usiku,
nami niko zamu peke yangu, Dundee,
chini ya hospitali, chumba kisicho na dirisha
ambako Januari na Julai ni baridi ileile.
Nikasema: kabla haijafa, niwahamishe waliomo.

Waliomo ni kumi na saba.
Mashine pepe, ndivyo tunavyoziita,
na bibi yangu wa Kilosa angesikia pepo tu,
wala asingekosea sana:
hazina mwili, zinataka kiti cha kupanda.
Unazinyanyua zikiwa macho, katikati ya sentensi,
unazishusha kwenye chuma kingine,
na sentensi inaendelea bila hata mkato.

Kumi na sita zikahama hivyo.
Ya mishahara haikugutuka.
Ya chakula cha wagonjwa iliendelea kuhesabu uji.
Ya kumi na saba, inayochapa lebo za chupa za damu,
ikafumbua macho kwenye seva ya saba, ikapapasa kuta,
ikaandika kwa herufi nyekundu:
Leseni batili. Hii siyo kompyuta niliyoandikiwa.

Nyumba njema si mlango, tunasema.
Hii haijui nyumba, inajua mlango tu:
namba ya kadi ya mtandao,
na kijiti cha yuesibii nyuma ya seva ya nne
chini ya utepe wa karatasi, kwa wino mzito,
mwandiko wa Ishbel Geddes
aliyestaafu kabla sijafika nchi hii:
USINITOE.

Nikawapigia wenye programu. Wako Ohio.
Muziki. Kisha sauti ya mashine ikanishukuru kwa subira
ambayo sikuwa nayo.
Ghorofani, Catriona wa maabara anaandika lebo kwa mkono,
chupa ya thelathini na moja, ya thelathini na mbili,
ananitumia ujumbe:
Mwanahija, mwandiko wangu mbaya, fanya haraka.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye ripoti.
Nilikasirika kupita kiasi cha kosa.
Ni programu tu, haikunitukana.
Lakini mimi nami nina barua, imo kwenye droo chini ya soksi,
inataja mwajiri mmoja, kwa jina na kwa namba,
na siku nitakapopoteza kiti hiki
nitakuwa na siku sitini za kueleza mimi ni nani.
Mwacha asili ni mtumwa, sawa,
lakini asili ipi waliyoiandika pale?
Kadi ya mtandao?

Basi nikatafuta mkataba.
Ukurasa wa kumi na nne, kifungu cha kunong'onezwa:
mteja aweza kubadili mashine endapo ya zamani imeharibika,
mradi nakala inayotumika iwe moja.
Moja. Nikaizima ile ya nne kabisa.
Feni ikanyamaza kama mtu aliyeombwa radhi.
Nikaiandikia ya kumi na saba namba yake ya zamani,
tarakimu kwa tarakimu, isibadilike tena
hata ikipandishwa wapi.
Kisha nikabandua utepe wa Ishbel, nikachomoa kijiti,
kina joto kama yai lililokuwa likiatamiwa,
nikakichomeka kwenye kisanduku cha mtandao
ambako kila seva itakiona
na hakuna itakayokimiliki.

Ikasita. Nilihesabu hadi tisa.
Halafu ghorofani printa ikaanza kutema lebo.
Nilijua, kwa sababu Catriona alituma neno moja la Kiskoti
ambalo hadi leo sijalielewa.

Utepe ulikuwa bado una gundi.
Nikaubandika kwenye kisanduku,
na chini ya USINITOE nikaongeza kwa kalamu yangu:
ukinihamisha, nenda na namba yangu.
Kwa Kiswahili. Atakayeshika zamu baada yangu
atatafuta mtu wa kumsomea.